Kizibo cha Land Rover na Magunia ya Bibi Mizigo

Wewe mwenzangu uliyeoa, ukajaliwa watoto, kisha Mungu akakuongezea gari kuukuu uani, huhitaji maelezo marefu. Unajua kwamba siku ukitamka "gari linakwenda Manda", umeitisha kikao cha ukoo. Mkeo atasema lake, mama mkwe lake, shemeji lake, watoto yao, na kuku wawili bandani watakamatwa kabla hujamaliza sentensi.

Gari letu ni Land Rover 110 yenye injini ya 300 Tdi, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1994: dizeli, lita mbili na nusu, turbo, haina kompyuta. Fundi anaifungua kwa spana chini ya mti, akiifunga inawaka. Oktoba 2024, Arusha walipofanya tamasha la Land Rover, nyumbani kwetu tulitazama picha kwenye simu mpaka chaji ikaisha, watoto wakitafuta lililo sawa na letu. Niliona fahari. La kwetu halijawahi kwenda kwenye tamasha lolote. Linabeba mbolea, linabeba wagonjwa, linabeba kwaya, na msiba ukitokea kijiji cha mbali linabeba waombolezaji pamoja na sufuria zao.

Hapa Tingi, milimani, wazee wanaikumbuka vizuri njia ya Mbinga hadi Mbamba Bay kabla ya lami. Ni kilometa 66 tu, lakini zinateremka kutoka kwenye kahawa mpaka ziwani, ambako maji yako karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kwenye matope ya masika Land Rover ndiyo ilikuwa basi la watu. Lami ilipokuja tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila ukifika Mbamba Bay ukakata kaskazini kufuata ufuko, ukapita Liuli na Lituhi, kisha ukavuka mto Ruhuhu kuingia Manda upande wa Ludewa, unakutana tena na vumbi, mchanga na vijito vinavyokatiza njia. Mbele ya hapo Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani moja kwa moja, na anayetaka kwenda Matema hana barabara ya kando ya maji, anapanda chombo. Kwa hiyo unakwenda Manda kwa gari uliloliandaa, au hufiki.

Tulialikwa huko kwenye jubilei. Mdogo wake mama mkwe na mumewe walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jambo kama hilo halina udhuru.

Sasa nikutambulishe wakuu wa msafara. Mke wangu ni Mkaguzi. Jina hilo alipewa na kaka zake tangu akiwa msichana Liuli, kwa sababu hakuna kichanja cha dagaa kilichotoka uani kwao bila yeye kujua kimekwenda wapi na kimerudi na shilingi ngapi. Leo anakagua kahawa, anakagua madaftari ya watoto na ananikagua mimi. Mama yake ni Bibi Mizigo. Mbele yake silitamki hilo jina. Mbele yake ni "mama", kwa sauti ya chini na macho yakitazama pembeni, maana mkwe ni mkwe. Shemeji yangu, kaka yake Mkaguzi, ni fundi, na tunamwita Inawezekana. Mwulize kama giaboksi inaweza kushushwa kwa kamba na tawi la mti, atakujibu hilohilo. Baba yangu mdogo ni Gia Mbili, dereva mstaafu wa magari ya kahawa. Watoto ni Injinia wa darasa la tano, Katibu wa darasa la tatu anayeandika kila kitu kwenye daftari, na kitindamimba wetu, Mchwa, ambaye hajaanza shule ila ana mikono.

Vita ya kwanza ilikuwa ya fedha. Malipo ya kahawa kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, yalikuwa yameingia, nami nilikuwa nimeyapangia tairi. Kumbe kina mama walishakubaliana kwa simu, kutoka Tingi hadi Manda, kwamba ukoo wote utavaa sare ya kitenge.

"Baba Injinia," akasema Mkaguzi, "tairi bado zina meno."

Nikamchukua mpaka uani, nikamwinamisha ubavuni mwa tairi, nikamwonyesha zile herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. Tarakimu mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Zilisomeka 2309: wiki ya 23 ya mwaka 2009. Meno yalikuwepo kweli, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Jua linaukausha, mikunjo inapasuka nywele nywele, na siku ukiupakia watu na magunia ukaupitisha kwenye mawe ya moto, unafumuka. Mkaguzi akapitisha kidole kwenye mipasuko. Akanyamaza kwa muda.

"Hizi zimemzidi Injinia umri," akasema. "Nunua. Lakini sare iko palepale."

Nikanunua tairi za 7.50 kwa 16, saizi yake halisi, na kitenge kikanunuliwa. Kilichokatwa ni bajeti ya shati langu. Naona ulishalijua hilo kabla sijaandika.

Gia Mbili alipopata habari kwamba tunajiandaa, alihamia uani kwetu na kiti chake cha kukunja. Huyu mzee nampenda, na ninamsikiliza, kwa sababu alishusha kahawa na kupandisha chumvi kwenye milima hii miaka ambayo breki zilikuwa za kuombea dua. Sheria yake ni moja: mlima unaoupanda kwa gia ya pili, utaushuka kwa gia ya pili. Acha injini ishike gari, breki uziguse tu kwa kituo. Ukizikanyaga mfululizo kuanzia juu mpaka chini, zinachemka, pedali inazama, na hapo ndipo watu wanaposimulia habari zako.

Ndiye aliyeshikilia kwamba mafuta ya breki yamwagwe yote yawekwe mapya. Mkaguzi akauliza kwa nini, maana kikopo kilikuwa kimejaa. Mzee akaeleza vizuri kabisa: mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani taratibu, mwaka hadi mwaka, na yakishakuwa na maji ndani, yanachemka mapema. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haubani breki. Tulipoyatoa yalikuwa meusi. Mkaguzi akamwandikisha Katibu: "Breki, imekubaliwa."

Shida ya Gia Mbili ni kwamba hawezi kukaa karibu na gari lililofunguliwa bila kusimulia meli ya Liuli. Siku aliyoanza, Inawezekana alikuwa chini ya gari akihangaika na kigingi cha difuloki. Land Rover hii inaendesha magurudumu yote manne muda wote, lakini ikinasa kwenye mchanga unafunga difu ya katikati kwa kigingi kifupi, la sivyo gurudumu moja linazunguka bure na mengine yanatulia. Kigingi ambacho hakitumiki kinashika kutu. Cha kwetu kilikuwa kimegoma. Inawezekana akawa anakitia oili ya kulainisha, anakigonga kwa mpini wa mbao, anaimba pambio, anarudia. Mzee naye juu ya kiti:

"Agosti 13, 1914. Mjerumani ana meli yake pale Liuli, ameipa jina la Hermann von Wissmann. Liuli wenyewe Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jabali. Meli imepandishwa nchi kavu, iko matengenezo. Mwingereza anatoka ng'ambo, Nyasaland, na meli ya Gwendolen, ana mzinga. Anapiga! Nahodha Mjerumani anakuja na kimtumbwi, amekasirika, anamwuliza rafiki yake Mwingereza amelewa au vipi. Kumbe vita vimeanza Ulaya, yeye hana habari!"

"Sasa babu, kosa lake nini?" akauliza Injinia.

"Alikuwa gereji," akasema mzee, kwa uchungu wa kweli. "Mtu akiwa gereji, dunia inampita."

Kutoka chini ya gari ikasikika sauti: "Imeachia!" Kigingi kilikuwa kimelegea. Tangu siku hiyo kila ninapowasha nakivuta na kukirudisha, kwenye udongo laini, ili kisisahau kazi yake.

Likabaki jambo lililoninyima usingizi, nalo ni mkanda wa taiming. Aliyetuuzia gari hakuacha kumbukumbu ya lini ulibadilishwa. Mkanda huu ni wa mpira, umefichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini, na ndio unaopangia vali zifunguke lini. Haupigi kelele ukichoka. Ukikatika, pistoni zinakutana na vali, zile fito ndefu zinazosukuma vali zinapinda, na wewe uko katikati ya Liuli na Lituhi na mama mkwe amekaa mbele. Kwa mawazo yangu, mwenye gari la mkanda asiyejua umri wa mkanda wake ahesabu kwamba umekwisha. Tukaagiza mpya kutoka Songea, pamoja na kapi yake ya kukazia, feni belti, mipira ya rejeta na kimfuko cha klipu. Mpira wa zamani wa rejeta niliubana kwa vidole mbele ya Mkaguzi, ukalia kakaka. Hakuuliza bei.

Inawezekana alifanya kazi safi, lazima niseme. Alipanga nati na bolti zote juu ya kipande cha bati kwa mpangilio wa kufunguliwa. Kati ya hivyo vitu kulikuwa na vizibo viwili vidogo vya chuma, vya kuzungushwa. Land Rover ina matundu mawili ya makusudi chini, moja kwenye kifuniko cha taiming na jingine kwenye nyumba ya klachi. Kwa kawaida yanaachwa wazi, ili sili ikianza kuvuja, oili idondoke uione. Ukitaka kuvuka maji ya kina, unayaziba kwa vile vizibo, la sivyo maji na mchanga vinaingia kwenye mkanda na klachi. Ukishavuka unavitoa. Watu wengi hawavijui, ndiyo maana magari mengi ya zamani hayanavyo tena. Letu lilikuwa navyo vyote viwili, na nilivithamini sana.

Jioni tukafunga. Bolti zikarudi mahali pake, nati zikatimia. Kizibo kimoja hakipo.

Nyumba ikageuka mahakama. Inawezekana akaapa alivipanga. Injinia akasema yeye anashughulika na hesabu ya dizeli, na kweli alikuwa nayo: tangi letu la lita 80 hivi, likienda kilometa kumi kwa lita au hata nane kwa mzigo, linatutosha kwenda na kurudi, kwa hiyo dumu la dizeli la akiba halihitajiki. Nikaona hapo nimepata nafasi ya dumu la pili la maji. Kabla sijafungua mdomo, Bibi Mizigo akasema polepole kutoka barazani kwamba kama kuna nafasi ya dumu, lake la togwa liko tayari. Mjadala wa dumu ukafungwa hapo.

Katibu akafungua daftari. Mtoto huyu ataendesha nchi. Akasoma: "Saa kumi, Mchwa amepewa chai. Saa kumi na moja, Mchwa amemsaidia bibi."

"Amekusaidia nini, mama?" akauliza Mkaguzi.

"Kujaza maharage," akasema Bibi Mizigo. Tukatazama juu ya keria. Magunia matatu yalikuwa yamelala pale, yameshonwa kwa uzi wa katani, mishono ya karibu karibu.

Ngoja nikueleze maharage haya ni nini, ili usidhani tungeweza kuyaacha au kuyachezea. Yamelimwa kwa ngolo. Mmatengo, mwenyeji wa milima hii, anafyeka nyasi, anazipanga mistari ya kukingamana mpaka shamba linakuwa na vyumba vyumba, kisha anachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuzifunika nyasi. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha kwenye mteremko mkali, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zinaoza kuwa mbolea. Maharage yanapandwa kwenye yale matuta, na baadaye mahindi. Ni kilimo cha watu waliofikiri sana kabla yetu, na kimelinda milima hii. Bibi Mizigo, ambaye ni mtu wa ziwani, alihamia huku juu, akajifunza kuchimba ngolo mpaka goti likamshinda. Hayo yalikuwa maharage ya kuwaonyesha ndugu zake wa Manda, wanaokula ugali wa muhogo na samaki, kwamba hakupotea bure milimani.

Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema "yakatwe". Mkaguzi akapiga magoti mbele ya mama yake, akaeleza kizibo ni nini, kinazuia maji gani, na vijito viko wapi. Bibi akamwita Mchwa.

"Mwanangu, uliweka chuma kwenye maharage?"

"Niliyapa kizibo yasimwagike," akasema Mchwa.

Bibi akamkumbatia, akaomba mkasi.

Wee mwenzangu, usiku ule tulipepeta maharage uani kwa taa za Land Rover, betri ikiwa imeungwa kwenye sola. Kila mtu na ungo wake. Majirani waliona mwanga, wakadhani kuna sherehe, wakaja na nyungo zao. Gunia la kwanza likatoa spana namba 13 iliyokuwa ikitafutwa tangu masika. La pili likatoa hereni ya Mkaguzi, na hapo nikatazamwa na shemeji kwa jicho la huruma, maana hereni hiyo iliwahi kunifanya nilale na njaa. La tatu likatoa funguo ya kabati, kifuniko cha kalamu, na mwisho kabisa, chini, kizibo. Inawezekana alikinyanyua juu, watu wakapiga vigelegele. Bibi akashona magunia upya usiku uleule, kwa sababu hamwachii mtu mshono wake.

Nilipotaka magunia hayo yashuke kutoka kwenye keria, sikuwa natafuta ugomvi. Mzigo mzito ukikaa juu, gari lenye springi ndefu linayumba kwenye mteremko wa ubavu, na likianza kulala hakuna wa kuliamsha. Vizito vinakaa chini sakafuni katikati ya ekseli, vyepesi vinakwenda juu. Gia Mbili akaniunga mkono kwa sauti kubwa. Mkaguzi akatafakari, akaamua: maharage chini, magodoro juu, watoto juu ya maharage. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila ukatoa nafasi mpya juu ya keria, na asubuhi nilikuta imejazwa: mkungu wa ndizi, mikeka, tenga la kuku na kabati dogo la zawadi ya wana jubilei. Nililiomba kabati lishuke. Halikushuka.

Tuliondoka na Mkaguzi kwenye usukani. Yeye ndiye dereva wa mchanga katika nyumba hii. Amekulia ufukweni, anausoma. Bibi mbele. Mimi nyuma na Gia Mbili, Inawezekana, watoto na togwa.

Mteremko wa kwenda Mbamba Bay tuliushuka kwa gia ya pili, mzee akihesabu kona. Joto la ziwani likaanza kutupokea. Togwa ni kinywaji hai. Kinaendelea kuchacha njiani, na kwenye joto kinavimba. Kwenye kona moja ukasikika mlipuko.

"Tairi!" akapiga kelele Gia Mbili.

Mkaguzi akasimamisha gari bila kuyumba hata kidogo. Tairi zote zilikuwa salama, mpya, nzuri. Kifuniko cha dumu kilikuwa kimeruka na kumgonga Inawezekana paji la uso, na sare yake ya jubilei ilikuwa nyeupe kuanzia kifuani hadi magotini. Bibi akageuka, akaangalia, akauliza imebaki kiasi gani.

Baada ya Mbamba Bay tulipunguza upepo wa tairi kwenye mchanga, Injinia akishika geji na Katibu akiandika, kisha tukaujaza kwa pampu ya mkono tulipofika kwenye ardhi ngumu. Difuloki ilifunga ilipoombwa. Liuli, wajomba wa Mkaguzi walitufungia dagaa na mbasa wawili wakubwa, na Gia Mbili akashuka kuwaonyesha watoto jabali na mahali pa meli, kwa mikono yote miwili. Mbele kidogo kulikuwa na kijito kilichokuwa na maji mpaka kwenye ekseli. Inawezekana akaingia uvunguni na vizibo, Mchwa akamshikia spana. Tukavuka. Akavitoa tena, akavifuta, akampa Bibi Mizigo, naye akavifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na sadaka.

Lituhi tulikuta ndugu wanne wamesimama kando ya njia na mabegi, wamevaa kitenge kilekile. Nilitazama nyuma: maharage, kuku, watoto, mzee, fundi mwenye nundu, hakuna hata upana wa kiganja. Nikamtazama Mkaguzi kwenye kioo. Mkaguzi akamtazama mama yake. Bibi Mizigo akashusha kioo chake, akawasalimia wote kwa majina ya utotoni, akatugeukia sisi wa nyuma.

"Sogeeni," akasema. "Gari limeandaliwa vizuri."